Petroli iliyosafisha hewa ikachafua visima

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu, wanafunzi, na nyote mliofika, nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nizungumzie kemikali zinazoongezwa kwenye petroli ili iungue vizuri na moshi wake upungue madhara. Kemikali hizo ni nyingi. Mimi nitakaa zaidi na moja, inayoitwa MTBE, kifupi cha methili tert-butili etha, na jimbo moja la Marekani, California, maana huko kisa kizima kilionekana tangu mwanzo hadi mwisho: hewa ilipata nafuu, visima vikaharibika, na ikachukua miaka mingi kuiondoa kemikali ambayo ilikuwa imeenea kwa kasi ya ajabu. Ninalotaka kusema nalisema mapema, msije mkalisubiri. MTBE ilipimwa kwenye ekzosi ya gari ikafaulu. Haikupimwa kwa uzito uleule ndani ya udongo na maji kabla ya kumwagwa sokoni. Kosa lote limetoka hapo, na linaniuma kwa sababu lingeweza kuepukwa kwa maarifa ambayo wakemia walikuwa nayo tayari.

Tuanze na hewa, maana nia ya waliopitisha sheria ilikuwa njema na tatizo lao lilikuwa la kweli. Mwezi wa Julai 1943 jiji la Los Angeles lilifunikwa na ukungu mzito wa moshi uliowachoma watu macho na koo. Wengi walidhani unatoka kwenye kiwanda fulani. Mnamo miaka ya mwanzo ya 1950, mkemia Arie Haagen-Smit wa chuo cha Caltech akaonyesha kuwa sehemu kubwa ya ukungu ule hutengenezwa angani kwenyewe: mvuke wa petroli na moshi wa magari hukutana na oksidi za nitrojeni, jua likiwaka juu yake, ikazaliwa ozoni. Ozoni hiyo ikiwa juu sana angani hutukinga na miale mikali ya jua. Ikiwa chini tunakopumulia, inaunguza mapafu. Tangu hapo ikajulikana kwamba kusafisha hewa ya jiji lile kungehitaji kugusa gari, na pia mafuta yenyewe.

Mafuta hayo yalikuwa tayari na sumu nyingine. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi General Motors, aligundua kwamba kiasi kidogo cha tetraethili ya risasi, kemikali yenye madini ya risasi, huzuia injini kugonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani yake. Petroli yenye risasi ikaanza kuuzwa 1923. Mwaka uliofuata wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walikufa kwa sumu hiyo, baadhi yao wakiwa wamechanganyikiwa akili. Daktari Alice Hamilton na wenzake wakapinga hadharani kwenye mkutano wa 1925, lakini risasi iliendelea kuuzwa kwa miongo mingi. Kuitoa kabisa kwenye petroli ya magari ya barabarani duniani kumemalizika 2021 tu, Algeria ilipokuwa nchi ya mwisho kuacha. Sitaki kukaa sana hapo. Wengi wenu mnaijua habari ya risasi. Ninaitaja kwa sababu ilipoanza kuondolewa Marekani katika miaka ya 1970, viwanda vya kusafisha mafuta vilibaki na pengo. Okteni, yaani kipimo cha uwezo wa petroli kuzuia injini kugonga, ilikuwa imeshuka, nao walihitaji kitu cha kuipandisha.

Hapo ndipo MTBE ilipoingia, mwaka 1979. Hutengenezwa kwa methanoli na isobutileni, na isobutileni hiyo hupatikana kwa wingi kwenye viwanda vya mafuta vyenyewe. Bei yake ilikuwa nafuu, okteni yake ya juu, inachanganyika na petroli bila shida, na inasafiri kwenye mabomba ya mafuta bila kuvuta maji kama ethanoli inavyofanya. Kwa mtu wa kiwandani ilikuwa zawadi. Tena molekuli yake imebeba oksijeni ndani, karibu asilimia 18 ya uzito wake, na hilo ndilo lililoipa umaarufu.

Naomba mnielewe vizuri kuhusu oksijeni hiyo. Gari la zamani lenye kabureta huchanganya hewa na mafuta kwa kipimo kisichobadilika sana. Asubuhi ya baridi linakunywa mafuta mengi kuliko hewa, nayo yanaungua nusunusu na kutoa kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na hushika damu mahali pa oksijeni. Ukiongeza kwenye mafuta kitu kilichobeba oksijeni, ni kama umemfungulia mtu dirisha: mchanganyiko unapata hewa zaidi na kaboni monoksaidi inapungua. Kwa magari ya aina hiyo faida ilikuwa ya kweli, ikapimwa. Magari yaliyofuata, yenye kompyuta na kihisi cha oksijeni kwenye ekzosi, hujirekebisha yenyewe. Ukiyapa oksijeni zaidi kwenye mafuta, yanaongeza mafuta kidogo kusawazisha. Kwa hiyo faida ile ilikuwa inapungua kila mwaka kadiri magari ya zamani yalivyokuwa yakitoka barabarani, na jambo hilo lilikuwa likionekana wazi.

Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilirekebisha Sheria ya Hewa Safi. Kuanzia 1992, miji yenye kaboni monoksaidi nyingi wakati wa baridi ilitakiwa kuuza petroli yenye oksijeni asilimia 2.7 kwa uzito. Kuanzia 1995, miji yenye ozoni mbaya zaidi ilitakiwa kuuza petroli iliyoundwa upya, yenye oksijeni isiyopungua asilimia 2. Kwa MTBE, ile ya kwanza ni takriban asilimia 15 ya ujazo wa petroli, na hii ya pili asilimia 11. Tafadhali lioneni jambo hili kwa macho yenu: katika kila lita kumi zilizoingia kwenye tangi la gari, zaidi ya lita moja ilikuwa MTBE. Hapo si kiungo cha kunyunyiza tena. Ni sehemu ya mafuta. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 Marekani ilikuwa ikitumia zaidi ya mapipa 200,000 ya MTBE kwa siku.

California ilikwenda mbali zaidi ya sheria ya shirikisho. Bodi yake ya Rasilimali za Hewa iliandika kanuni za petroli inayoungua kwa usafi, na kuanzia Juni 1996 kila kituo cha mafuta jimboni kililazimika kuiuza. Nawaomba msiisahau kanuni hiyo kwa sababu tu ya yaliyofuata, maana ilikuwa kazi nzuri sana. Salfa ilishushwa kutoka takriban sehemu 150 kwa milioni hadi karibu 30. Benzini, inayosababisha saratani ya damu, ikashushwa kutoka karibu asilimia 2 hadi karibu 1. Mgandamizo wa mvuke ukapunguzwa ili petroli isipeperuke ovyo siku za joto. Aromatiki na olefini, ambazo ni aina za hidrokaboni zinazochangia sumu na ozoni, zikawekewa ukomo. Bodi ilikadiria kwamba hatua hiyo ilipunguza kwa asilimia 15 moshi wa magari unaozaa ozoni, na hatari ya saratani itokanayo na moshi wa magari kwa asilimia 40 hivi.

Salfa nataka niisemee zaidi, kwa sababu watu huipita haraka. Magari mengi ya petroli yana kigeuzi cha katalisti kwenye ekzosi, chombo chenye madini ya thamani kama platinamu, paladiamu na rodiamu. Kazi yake ni kubadilisha gesi za sumu kabla hazijatoka. Salfa hukaa juu ya madini hayo na kuyaziba, na chombo kinadhoofika. Ukiipunguza salfa leo, kila gari lenye kigeuzi kizima linaanza kutoa moshi safi zaidi, hata lile la miaka kumi iliyopita, bila mwenye gari kununua chochote. Kwa maoni yangu, katika yote yaliyofanywa kwenye petroli ya California, salfa na mvuke vilifanya kazi kubwa kuliko oksijeni. Mwaka 1999 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilichunguza swali hili likasema kwamba oksijeni kwenye petroli huchangia kidogo sana kupunguza ozoni. Kumbe kile kilicholazimishwa na sheria kwa nguvu zote ndicho kilichokuwa na faida ndogo.

Sasa twende chini ya ardhi.

Chukueni kituo cha mafuta cha kawaida. Chini yake kuna tangi la chuma lililozikwa miaka ishirini au thelathini, na bomba linalopeleka mafuta kwenye pampu. Mahali bomba linapoungana na tangi kuna kiungo. Kikipata kutu, tundu dogo kama ncha ya sindano linatosha. Mafuta yanachuruzika tone kwa tone, na mwenye kituo anayepima kwa kijiti haoni tofauti, kwa sababu upungufu wa siku moja ni mdogo kuliko makosa ya kijiti chenyewe. Tone hilo linashuka kwenye mchanga hadi linapokutana na maji ya chini ya ardhi. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo inaelea juu yake. Benzini iliyomo huyeyuka kidogo tu, sehemu yake hung'ang'ania udongo, na bakteria wa ardhini huila polepole. Mara nyingi doa la benzini husimama lenyewe baada ya makumi ya mita, kwa sababu bakteria wanalimaliza kwa kasi ileile linavyoenea.

MTBE haifanyi hivyo. Inayeyuka kwenye maji zaidi ya mara ishirini kuliko benzini. Haishiki udongo. Inakwenda na maji, kwa kasi ya maji yenyewe. Bakteria wengi wanashindwa kuila kwa sababu ya umbo lake: kaboni moja imezungukwa pande zote na kaboni nyingine tatu, na pembeni kuna kifungo cha etha ambacho ni kigumu kuvunja. Ikishaingia ndani ya maji pia haitaki kutoka kwenda hewani, kwa hiyo hata njia ya kawaida ya kusafisha kwa kupuliza hewa ndani ya maji inahitaji hewa nyingi sana. Makaa maalumu ya kuchujia nayo yanajaa upesi. Sifa zote nilizozitaja zilikuwa zimeshaandikwa vitabuni. Kuyeyuka kwa MTBE kwenye maji kulijulikana. Mtu yeyote aliyesomea kemia, akiulizwa, angeweza kutabiri mwendo wake ardhini kwa kalamu na karatasi.

Na harufu yake! MTBE inanuka kama tapentini, na pua ya binadamu inaikamata katika kiwango kidogo mno. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani lilishauri mwaka 1997 kwamba maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 20 hadi 40 kwa lita ili watu wasiikatae ladha yake. California ikaweka kiwango cha ladha na harufu kwenye mikrogramu 5 kwa lita, na kiwango cha afya kwenye 13. Piga hesabu nami. Lita moja ya petroli yenye asilimia 11 ya MTBE ina takriban gramu 80 za kemikali hiyo. Gramu 80 zikisambaa kwenye maji kwa mikrogramu 5 kwa lita zinafikisha lita milioni 16 kwenye kiwango hicho. Lita moja ya petroli! Matangi yenyewe, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, yalikuwa yamethibitishwa kuvuja zaidi ya mara 400,000 nchini Marekani kote.

Mji wa Santa Monica ulikuwa ukichota maji yake kwenye visima vyake. Agosti 1995 ulipima visima vya Charnock ukakuta MTBE. Kiwango kikapanda mwezi hadi mwezi, na kwenye kisima kimoja kikafika mikrogramu 610 kwa lita. Kufikia katikati ya 1996 mji ulikuwa umefunga visima vya Charnock na vya Arcadia, ukapoteza karibu nusu ya maji yake yote, ukaanza kununua maji yanayosafirishwa kutoka mbali. Maji ya Charnock yalirudi baada ya takriban miaka kumi na mitano, baada ya kujengwa mtambo maalumu wa kuyasafisha. Mtoto aliyezaliwa mwaka visima vilipofungwa alikuwa tayari yuko sekondari.

Huko South Lake Tahoe karibu theluthi ya visima vilifungwa au kuachwa kutumika. Shirika la maji la hapo lilishtaki kampuni za mafuta, na mwaka 2002 likalipwa dola milioni 69. Ziwani kwenyewe kulikuwa na chanzo kingine: boti zenye injini za mipigo miwili za kabureta, ambazo humwaga majini hadi robo ya mafuta yao bila kuungua. Zilipigwa marufuku ziwani humo kuanzia Juni 1999. Hii ni sehemu ya kisa ninayoipenda kuisimulia, maana marufuku ile ilionyesha matokeo haraka: MTBE ilipungua sana majini, na hakuna aliyezuiwa kuendesha boti, alitakiwa tu abadilishe injini.

Mahali pengine MTBE ilifika bila tangi lolote kuvuja. Wapimaji wa Idara ya Jiolojia ya Marekani walichunguza visima vifupi vya mijini mwaka 1993 na 1994. Mjini Denver waliikuta kwenye karibu visima 8 kati ya 10, ingawa vingi kwa kiwango kidogo sana. Mvuke wake hupanda hewani kutoka kwenye vituo na ekzosi, mvua ikauosha, ukaingia ardhini. Ndiyo maana nasema hewa na maji havina ukuta kati yao, hata kama ofisi zinazovisimamia zina kuta.

Kuhusu afya lazima niwe mwangalifu. Panya waliopewa dozi kubwa walipata uvimbe. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliamua mwaka 1999 kwamba ushahidi hautoshi kuiweka MTBE kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Sitawatisha kwa kusema zaidi ya hapo. Lakini maji yanayonuka tapentini hayanyweki, na mji uliopoteza visima umeumia, hata kama hakuna aliyelazwa hospitalini. Tukisubiri mgonjwa wa kwanza ndipo tukiri kwamba kisima kimeharibika, tumechelewa kwa miaka.

Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha California kilitoa ripoti kwa agizo la bunge la jimbo. Kilisema MTBE imeleta gharama na hatari kubwa kwa maji, na kwamba petroli isiyo na MTBE ingeweza kutengenezwa ikiwa safi vilevile kwa hewa. Machi 1999 Gavana Gray Davis akaamuru iondolewe. Tarehe ya mwisho iliwekwa 2002, ikasogezwa, na marufuku ikaanza kazi Januari 2004. Kwa nini kuchelewa hivyo? Kwa sababu sheria ya shirikisho bado ilidai oksijeni. California iliomba iruhusiwe kuuza petroli safi isiyo na oksijeni, na mwaka 2001 ikakataliwa. Njia iliyobaki ilikuwa ethanoli, na ethanoli ilihitaji matangi, treni na vifaa vya kuchanganyia ambavyo havikuwapo. Sharti la oksijeni lilifutwa na sheria ya nishati ya 2005, likakoma kutumika 2006. Jimbo lilijua tatizo, lilikuwa na suluhisho mkononi, likafungwa mikono na kifungu kilichotaja kiungo badala ya kutaja matokeo. Hili nalisisitiza kwa wanafunzi wa sheria waliopo hapa: sheria ikisema "hewa iwe na kiwango hiki", mhandisi ana nafasi ya kutafuta njia. Ikisema "weka oksijeni asilimia 2", imeshamchagulia njia, na kosa la njia hiyo linakuwa la lazima kisheria.

Ethanoli je? Ni bora kwa maji, kwa maana bakteria wanaipenda na huimaliza kwa siku au wiki. Ila ina mambo yake. Kwenye uvujaji, bakteria huishambulia kwanza na kutumia oksijeni yote iliyopo ardhini, hivyo benzini inabaki muda mrefu zaidi na kwenda mbali zaidi. Ikichanganywa asilimia 10 hupandisha mgandamizo wa mvuke wa petroli, kwa hiyo petroli ya msingi lazima itengenezwe ikiwa na mgandamizo mdogo zaidi wa mvuke ili kufidia. Huongeza asetaldehaidi, kemikali nyingine yenye sumu, kwenye moshi. Maji yakiingia tangini, ethanoli huyafuata na kujitenga chini. Hakuna hata moja kati ya haya linaloikataza, lakini yote yanahitaji kujulikana kabla, na yalijulikana. Safari hii California iliagiza athari zake hewani na majini zichunguzwe kabla ya kubadilisha.

Kuna pia MMT, yenye manganizi, inayopandisha okteni kwa kiasi kidogo sana. Mimi siungi mkono kurudisha madini kwenye mafuta. Manganizi ikivutwa kwa wingi na kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, jambo linalojulikana kwa wafanyakazi wa migodini na wa kuyeyusha chuma, na masizi yake hukaa kwenye vigeuzi vya ekzosi. Tulishapita njia hiyo na risasi.

MTBE na ndugu zake wa familia ya etha bado zinatumika katika nchi nyingi. Kwa hiyo swali la kumuuliza yeyote anayeleta kiungo kipya cha petroli liko hai, tena ni la kawaida kabisa: kikivuja, kinayeyuka kiasi gani, bakteria wanakila kwa muda gani, na kisima cha karibu kiko umbali gani? Majibu yake yanapatikana maabara kwa gharama ndogo mno kuliko mtambo wa kusafisha maji ya mji mmoja. Na kabla hata ya kiungo, kuna tangi. Marekani iliwapa wenye vituo hadi Desemba 1998 kuyakinga matangi yao na kutu au kuyafunga, miaka sita baada ya sheria kuanza kudai petroli yenye oksijeni ijazwe humo. Mpangilio huo ungegeuzwa, tangi kwanza na kemikali baadaye, visima vingi vingesalimika.

Mwenyekiti amenionyesha saa. Nimeleta jedwali la kuyeyuka na kuoza kwa kemikali tisa zinazotumika kwenye petroli, liko mezani karibu na mlango, chukueni nakala. Sasa nasikiliza maswali, na naomba tuanze na wale waliokaa nyuma.